Maili au risiti? Ulinganisho kwa ndugu zetu wanaobeba abiria na mizigo Marekani

Simu ya Dallas huingia alfajiri. Februari iliingia saa kumi na mbili, kwake ikiwa saa nne usiku, na mdogo wangu hakunisalimia hata kidogo. "Yaya, banataka dola elfu tano na mia mbili! Juu ya nini?" (Wasomaji wa pwani msicheke. Lubumbashi yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlezi wa watoto.)

Anaendesha gari kwa programu ya simu. Hana bosi wala mshahara. Anawasha programu, abiria anaita, anamfuata. Nilimwambia apige picha za makaratasi yote anitumie. Mtu aliyemjazia fomu ya kodi, tena kwa malipo, alikuwa ameandika mapato, akatoa gharama ya simu na peaji (ada za kupita barabarani), akafunga hesabu. Kuhusu gari, ambalo ndilo linalokula jasho la mdogo wangu, hapakuwa na mstari hata mmoja. "Aliniuliza kama niko na risiti za mafuta. Nikamwambia sina. Akasema basi."

Si basi. Mtu asiye na risiti za mafuta ana njia nyingine ya halali kabisa, na kwa gari kama lake ndiyo njia bora.

Mimi ni mhasibu wa duka la vipuri hapa Bel-Air, Lubumbashi. Sina cheo chochote cha kodi za Marekani. Ila karatasi za IRS, mamlaka ya kodi ya kule, ziko wazi kwenye intaneti bila malipo, na ukishakuwa mtu wa namba katika familia, kila mwenye swali anakuletea wewe. Nimewafanyia hesabu watu wawili msimu huu, mdogo wangu wa Dallas na shemeji yangu anayepeleka vyakula kwa gari huko Des Moines. Magari yao yanatofautiana kama mbuzi na ng'ombe, kwa hiyo majibu yao pia yalitofautiana. Ndiyo maana nawaweka hapa pamoja.

Tulikotoka

Sikumlaumu mdogo wangu kwa kukosa risiti. Alikulia Kamalondo, akauza vitenge Soko Mzee, na huko hakuna aliyewahi kumfundisha kuzitunza. Kwa utaratibu wa 2013 ambao mimi nilikulia nao kikazi, biashara ya Kongo isiyozidi mauzo ya faranga milioni 10 kwa mwaka ilipaswa kulipa faranga 50,000, kwisha. Iliyozidi hapo hadi milioni 80 ilitozwa asilimia 1 ya mauzo ikiwa inauza bidhaa, asilimia 2 ikiwa inatoa huduma. Shika neno hilo, mauzo. Ukiwa umetumia nyingi au kidogo kupata mauzo hayo, hiyo ni shauri yako. Risiti haikupunguzii chochote, basi kwa nini uitunze?

Marekani anayejiajiri anatozwa kwenye kinachobaki. Unaandika kila kilichoingia, unatoa kila gharama ya kweli ya kazi, na kodi inaanzia kwenye faida. Fomu inayobeba hesabu hiyo inaitwa Schedule C. Asiyetoa gharama zake analipa kodi juu ya hela ambayo hakuwahi kuila.

Kodi yenyewe ni mbili, na wengi wetu tunajua moja. Ya kwanza ni kodi ya mapato, ambayo kwa familia yenye watoto na kipato cha kawaida inaweza kuwa ndogo au isiwepo. Ya pili ni kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, na hiyo haimwonei haya mtu maskini, kwani inaanza faida ikifika dola 400 tu kwa mwaka. Ni mchango wa pensheni na wa matibabu ya uzeeni. Mwajiriwa analipa nusu na bosi wake nusu. Asiye na bosi analipa zote mbili. Inapigwa kwenye asilimia 92.35 ya faida, hivyo kila dola 1,000 za gharama unazosahau kuandika zinakugharimu dola 141 za kodi hiyo peke yake, kabla hujagusa kodi ya mapato.

Njia mbili za kuhesabu gari

Njia ya maili: unahesabu maili ulizoendesha kwa kazi, unazidisha kwa kiwango ambacho IRS inatangaza kila mwaka. Mwaka 2023 kilikuwa senti 65.5 kwa maili, 2024 senti 67, 2025 senti 70. Ndani ya senti hizo mna mafuta, bima, matairi, oili, matengenezo na kuchakaa kwa gari. Risiti ya mafuta haihitajiki, na ukiwa nayo huruhusiwi kuiongeza juu yake. Hapo watu wanateleza: wanachukua senti 70, halafu wanaandika na mafuta. Huko ni kula mara mbili kwenye sahani moja.

Njia ya gharama halisi: unajumlisha kila kitu gari lilichokula mwaka mzima, pamoja na uchakavu wake (bei ya gari ikiandikwa kama gharama kadiri linavyozeeka), halafu unachukua sehemu inayolingana na kazi. Gari likienda maili 10,000 na 7,000 zikawa za kazi, unachukua asilimia 70.

Peaji na maegesho ya wakati wa kazi yanaandikwa kando kwa njia zote mbili. Riba ya mkopo wa gari pia, ile sehemu ya kazi. Faini ya polisi haiandikwi kwa njia yoyote, hata kama ulikuwa na abiria ndani na haraka ilikuwa yake.

Sasa namba. Nimezikata kidogo ziwe nzima ili zisomeke, ila uzito wake ndio huo.

Mdogo wangu alinunua Toyota Prius iliyotumika, dola 14,000, mwezi wa tatu 2025, akaingia nayo kazini siku ileile. Mwaka ule gari lilienda maili 30,000, za kazi 24,000, yaani asilimia 80. Mafuta dola 2,000, kwa sababu Prius inanusa tu. Bima 2,400, matairi na oili na matengenezo 1,500, usajili 100. Jumla 6,000.

Shemeji ana gari kubwa la familia, lile la safu tatu za viti, limezeeka kidogo. Maili 10,000 kwa mwaka, za kazi 7,000. Mafuta dola 2,100, bima 3,000, na gia zilikufa katikati ya baridi ya Iowa, kwa hiyo matengenezo 3,800. Usajili 100. Jumla 9,000.

| | Prius ya Dallas | Gari kubwa la Des Moines |
|---|---|---|
| Maili za kazi | 24,000 kati ya 30,000 | 7,000 kati ya 10,000 |
| Kwa maili, senti 70 | dola 16,800 | dola 4,900 |
| Kwa gharama halisi, bila uchakavu | dola 4,800 | dola 6,300 |

Ukitazama jedwali tu, kazi imekwisha. Gari dogo linalokimbia sana lichukue maili, gari kubwa linalokimbia kidogo na kuumwa mara kwa mara lichukue gharama halisi. Kiwango cha IRS ni kimoja kwa nchi nzima, hakijui kama gari lako linanusa mafuta au linayanywa kwa ndoo. Mwenye gari linalonusa anapewa senti ambazo hakuzitumia, na hilo si wizi, ndivyo sheria ilivyo. Mwenye gari la kunywa kwa ndoo ndiye anayepunjwa.

Maili 24,000, kwa wanaopenda kilomita, ni zaidi ya 38,000. Ni kama kwenda Kolwezi na kurudi mara sitini na kitu. Nilipomwambia hivyo alikaa kimya, nadhani mgongo ulimuuma upya.

Mtego wa mwaka wa kwanza

Niliacha uchakavu nje ya jedwali makusudi, kwa kuwa huko ndiko nilikokaribia kumwingiza mdogo wangu shimoni.

Sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2025 ilirudisha ruhusa ya kuandika uchakavu wote kwa mkupuo katika mwaka wa kwanza, kwa mali iliyonunuliwa baada ya 19 Januari 2025, hata gari lililotumika. Kwa magari madogo kuna ukomo, lakini Prius ya dola 14,000 inapita chini yake bila kuinama. Sehemu ya kazi ni asilimia 80, yaani dola 11,200. Ongeza zile 4,800, unapata 16,000. Kwa maili ilikuwa 16,800. Karibu sawa! Na kama gari lingekuwa la dola 18,000, gharama halisi ingeshinda mwaka huo: 14,400 na 4,800, jumla 19,200.

Rafiki mmoja wa kule, naye dereva, alikuwa ameshamshauri achukue njia hiyo. "Unamaliza gari lote mwaka mmoja," alimwambia. Ni kweli, unalimaliza. Mwaka wa pili uchakavu haupo tena, umebaki na 4,800. Mwenzako wa maili, hata kiwango kisiposogea, anaandika 16,800 nyingine. Kwa miaka miwili ni 33,600 upande mmoja na 20,800 upande mwingine, na gari bado linatembea.

Mwaka wa pili kwa nini usihamie maili? Hairuhusiwi. Gari likiwa lako, ukitaka njia ya maili, lazima uichague katika mwaka wa kwanza gari hilo linapoanza kutumika kazini. Ukianza na gharama halisi, gari hilo litabaki huko mpaka uliuze. Ukianza na maili, miaka inayofuata uko huru kuhamia gharama halisi, na hata kurudi, ila uchakavu wako utakuwa wa kugawanya polepole kwa miaka iliyobaki ya gari, hakuna tena mkupuo. Gari la kukodi kwa mkataba wa muda mrefu lina ukali wake: ukianza na maili, unabaki na maili mpaka mkataba uishe.

Kwa hiyo maili kwanza inaacha mlango wazi, na gharama halisi kwanza inaufunga. Kwa mtu ambaye hajui mwaka ujao atakuwa na kazi gani, mlango wazi nauthamini kuliko dola mia chache za mwaka huu. Shemeji alikuwa na bahati bila kujua. Mwaka wake wa kwanza, 2024, alichukua maili kwa sababu tu ilikuwa rahisi. Mwaka 2025 gia zilipokufa, akaweza kuvuka upande wa pili bila kizuizi.

Kuna na siku ya kuuza. Aliyeandika uchakavu wote, akaja kuuza Prius kwa dola 9,000, sehemu ya kazi ya hela hiyo itahesabiwa kuwa mapato. Wa maili naye haponi kabisa, kwani ndani ya zile senti 70 za 2025, senti 33 zinahesabiwa kuwa uchakavu na zinapunguza thamani ya gari vitabuni. Maili 24,000 ni dola 7,920. Watu wengi hawajui hilo mpaka siku ya kuuza.

Daftari

Mdogo wangu alifurahi sana alipoelewa kwamba njia ya maili haidai risiti. Alidhani haidai chochote. Inadai daftari: tarehe, umeenda wapi, kwa kazi gani, maili ngapi. Na liandikwe wakati ule, si Februari ya mwaka unaofuata kwa kukumbuka.

Aliyekimbilia gharama halisi kwa kuchukia daftari pia amejidanganya, maana ile asilimia 70 ya shemeji ilitoka wapi? Imetoka kwenye maili za kazi kugawanya kwa maili zote. Bila daftari hakuna asilimia. Tofauti ni kwamba wa gharama halisi anatunza daftari pamoja na bahasha ya risiti. Shemeji ni mtu wa bahasha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Ruashi, risiti zake amezipanga kwa mwezi na kuzibana kwa pini. Mdogo wangu risiti ya mafuta anaitupa kabla hajafunga kifuniko cha tangi. Ukinibana nichague jambo moja tu la kumwamulia mtu njia, nitaangalia tabia hiyo kabla ya kuangalia gari.

Kwa mwaka uliopita mdogo wangu hakuwa na daftari. Tulikusanya tulichokipata: muhtasari wa mwaka ambao programu yake inatoa na ambao unaonyesha maili, pamoja na risiti nne za kubadilisha oili, kila moja ikiwa na namba ya maili iliyosomwa kwenye dashibodi siku hiyo. Hizo zilitupa jumla ya mwaka. Ni ushahidi, ingawa hauna nguvu ya daftari lililoandikwa kila siku, na nilimwambia hivyo.

Angalia tu programu inahesabu nini. Ikikuhesabia maili za abiria akiwa ndani pekee, inakupunja. Unapotoka kumshusha mmoja na kumfuata mwingine uko kazini. Unapozunguka programu ikiwa imewashwa ukisubiri wito, uko kazini. Kutoka nyumbani asubuhi kwenda mahali unapoanzia ni safari yako binafsi, kama mfanyakazi yeyote anayepanda taksi kwenda ofisini. Mimi nawaambia waanze kuandika pale wanapokuwa tayari kupokea wito, na jioni wakishazima programu, njia ya nyumbani isiandikwe. Na wale wanaowasha programu mbili kwa pamoja, maili moja ni moja. Haiandikwi kwa kila kampuni.

Simu inaweza kuandika maili yenyewe kwa setilaiti, kuna programu nyingi za hivyo, nyingine kwa malipo, na malipo hayo ni gharama ya kazi. Daftari la kawaida kwenye kisanduku cha gari linafaa vilevile. Tofauti ninayoiona ni kwamba simu haisahau, lakini inaandika na safari ya kanisani mpaka uifute.

Mapato yanaandikwa yote

Hapa sikai sana ila ni muhimu. Fomu 1099-K ambayo kampuni inatuma inaweza kuonyesha hela zote walizolipa abiria, pamoja na ile ambayo kampuni ilijikatia kabla ya kukutumia. Mdogo wangu: abiria walilipa dola 52,000, kampuni ilibaki na 14,000, benki yake iliona 38,000. Kinachoandikwa juu ni 52,000, na 14,000 zinaandikwa chini kama komisheni na ada. Ukiandika 38,000 pekee, IRS ina nakala yenye 52,000 na itakuuliza ilikokwenda tofauti. Ukiandika 52,000 ukasahau kutoa 14,000, unalipa kodi juu ya hela ya kampuni. Na usipotumiwa fomu yoyote, mapato bado ni mapato.

Baada ya hapo zinakuja gharama ndogondogo zisizo za gari. Simu, kwa sehemu ya kazi: yeye alilipa dola 900 kwa mwaka, tukakadiria asilimia 60, dola 540. Mfuko wa kutunza joto la chakula, kishikio cha simu, chupa za maji za abiria. Chakula chako cha mchana cha kila siku hapana, hata kama umekila ndani ya gari. Chumba cha ofisi nyumbani kina utaratibu wake rahisi wa dola 5 kwa kila futi ya mraba, mwisho futi 300, lakini lazima kiwe mahali pa kazi pekee na kwa kudumu. Meza ya kulia ambayo watoto wanafanyia kazi za shule haihesabiki. Kwa dereva, mimi nimeacha.

Matabishi, yaani bakshishi za abiria, nayo yana habari mpya. Kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028, matabishi hadi dola 25,000 kwa mwaka yanaweza kutolewa kwenye mapato yanayopigiwa kodi ya mapato, na madereva na wapeleka mizigo wamo. Lakini ile asilimia 15.3 inabaki palepale. Nimewasikia watu wakisema "matabishi hayana kodi tena" kwa sauti ya ushindi. Nusu ya sentensi ni kweli.

Hesabu ya mwisho ya Dallas

Bila gari: 38,000 toa peaji na maegesho 600, toa simu 540, faida 36,860. Kodi ya kujiajiri dola 5,208. Ndiyo ile iliyonigutusha alfajiri.

Pamoja na maili: toa 16,800 nyingine, faida 20,060. Kodi ya kujiajiri dola 2,834.

Tofauti ni dola 2,374, bila kuhesabu kilichopungua kwenye kodi ya mapato. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo yake inaishia hapo. Shemeji kule Iowa ana na ya jimbo, asilimia 3.8 kwa 2025, na kwake kila dola ya gharama ina uzito kidogo zaidi.

Kuna jambo moja alilouliza mke wa mdogo wangu, na lilikuwa swali zuri kuliko yote ya usiku ule: faida ikionekana ndogo, si tutakosa nyumba? Yuko sahihi kuliwaza. Benki ikikupima kwa mkopo wa nyumba, kwa kawaida inaanza na faida ya Schedule C, si kilichopita benki. Pensheni nayo inafuata faida. Mwaka 2025 kila dola 1,810 za mapato yaliyochangiwa zilitoa pointi moja, mwisho nne kwa mwaka, na pensheni inadai pointi 40. Kwa faida ya 20,060 ameshapata zote nne, ila kiasi cha pensheni kitakuwa kidogo. Hata hivyo huwezi kuficha gharama ili uonekane tajiri, na sioni sababu ya kulipa dola 2,374 za ziada kila mwaka ili kumpendeza mtu wa benki ambaye bado hamjaonana.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Kama gari ni dogo, linakula mafuta kidogo, na unakimbia zaidi ya maili 15,000 za kazi kwa mwaka, chukua maili, wala usipoteze Jumapili kufanya hesabu ya pili. Kama ni mwaka wa kwanza wa gari hilo kazini na huna uhakika, chukua maili pia, kwa sababu ya ule mlango.

Kama gari ni kubwa au limezeeka, maili ni chache, na matengenezo yamekuumiza mwaka huu, fanya hesabu zote mbili kama nilivyomfanyia shemeji, ukikumbuka kwamba kuvuka unaruhusiwa tu kama ulianza na maili. Gharama halisi mwaka wa kwanza naiona inafaa kwa mtu mmoja tu: aliyenunua gari la bei, ana faida kubwa mwaka huu ya kupunguza, na anajua atalitumia gari hilo kwa maili chache miaka ijayo. Kati ya ndugu zangu simjui hata mmoja wa namna hiyo.

Anayelipia mtu wa kumjazia fomu, amuulize kabla ya kutoa hela: "Gari langu umeliandika mstari gani, na kwa njia ipi?" Akijibu kwamba bila risiti haiwezekani, chukua makaratasi yako. Kuna vituo vya kujitolea vya VITA, vinavyosaidiwa na IRS, vinavyowajazia bure watu wa kipato cha kawaida. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea Schedule C yako, si kila hesabu ya kazi binafsi wanaichukua.

Na kodi haisubiri Aprili. Anayetarajia kudaiwa dola 1,000 au zaidi anatakiwa alipe kwa awamu nne: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba, na 15 Januari ya mwaka unaofuata. Mdogo wangu tumekubaliana awe anatenga dola 55 kila Ijumaa kwenye akaunti ambayo hana kadi yake. Mke wake ndiye anayo.

Shemeji ameniuliza tena wiki hii. Anataka kuuza gari kubwa achukue dogo, na anauliza gari jipya litaanza na njia ipi. Nimemjibu apige picha dashibodi siku ya kwanza, kabla ya oda ya kwanza.